Msaada wa Serikali kwa Mkulima: Milango Iko Wapi?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu, wageni na wanafunzi wa sasa.



Katibu wa chama aliponiandikia, alinitaka niseme juu ya elimu na maendeleo. Kichwa hicho ni kipana, na muda niliopewa si mrefu, kwa hiyo nimejikatia kipande ninachoweza kukilima. Nitasema juu ya mkulima wa kaunti yetu hii ya Trans Nzoia, mwenye ekari mbili au tatu za mahindi. Ataujuaje msaada aliowekewa na Serikali, na ataupataje kabla mvua haijampita?

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kila nirudipo nyumbani wazee hawaniulizi habari za vyeo wala za Nairobi. Huniuliza, "Mwanangu, wewe uko huko ndani. Hii mbolea tunayoisikia redioni inatolewa wapi?" Anayeuliza hivyo amelima tangu kabla sijazaliwa. Ayajuayo juu ya udongo wake mimi siyajui. Asichokijua ni ofisi na mambo yake, na kwa ajili ya mambo hayo wazee wetu waliuza ng'ombe ili sisi tusome.

Sehemu hii ya nchi imezoea msaada tangu zamani. Walowezi waliolima hapa kabla ya Uhuru walikuwa na chama chao, Kenya Farmers Association, tangu mwaka wa 1923, na benki ya ardhi tangu miaka ya 1930. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956. Mlowezi hakuhangaika kutafuta mlango, maana waliokuwa ndani walikuwa jirani zake, na barua zote ziliandikwa kwa lugha yake. Baada ya Uhuru mashamba makubwa mengi yakagawanywa, na mwaka wa 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611. Wakulima wadogo waliipokea upesi. Ilifika katika maduka ya karibu, na mtu aliweza kuiona ikistawi shambani kwa jirani kabla hajatoa senti yake.

Nimeitaja mbegu hiyo kwa sababu ina funzo. Msaada unaofika karibu na kuonekana kwa macho haukosi wa kuuchukua. Lakini misaada mingi ya leo haionekani. Imo katika orodha, katika simu na katika vitabu vya bajeti, na mkulima hupita kando yake asijue kwamba ameipita.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, na hasa tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mkulima ana serikali mbili. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia Serikali ya Kitaifa sera ya kilimo, nalo linazipa kaunti kazi yenyewe: mimea na mifugo, minada, uzuiaji wa magonjwa ya mimea na wanyama, na uvuvi. Kwa maneno mepesi, bwana shamba ni mtu wa kaunti, na chifu ni mtu wa Serikali ya Kitaifa. Mzee aliyezoea kuwaona wawili hao katika baraza moja, wote chini ya mkuu mmoja wa wilaya, hushangaa anapotumwa kutoka ofisi hii hadi ile. Hudhani anachezewa. Mara nyingi amebisha mlango wa serikali moja akiuliza kitu cha serikali nyingine.

Kwa hiyo nataka niitaje milango hiyo, mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza ni wa chifu na naibu wake. Mbolea ya bei nafuu ni mpango wa Serikali ya Kitaifa. Mwezi wa Septemba 2022 bei ya gunia la kilo 50 la DAP ilishushwa hadi shilingi 3,500, na mwezi wa Agosti 2023 ikashushwa tena hadi shilingi 2,500. Ili kuipata, mkulima hana budi awe ameandikwa katika ile orodha ya wakulima iitwayo KIAMIS. Uandikishaji wa mwaka wa 2023 ulipitia kwa machifu na manaibu wao huko vijijini. Mkulima huulizwa kitambulisho, namba ya simu, mahali lilipo shamba, ukubwa wake na anachokilima. Asiyemo katika orodha hiyo hapati vocha, hata awe mkulima hodari namna gani.

Mlango wa pili ni ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao. Bodi hii iliundwa mwaka wa 1979 kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ile ya ngano, na katika maghala yake ndipo vocha hugeuka kuwa gunia. Wengi hudhani kazi ya Bodi ni kununua mahindi tu, kumbe pia huyakausha. Mwaka wa 2023 Serikali ilileta mashine 100 za kukaushia nafaka, zile zinazoweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayapokelewi ghalani, na yakirundikwa nyumbani katika hali hiyo huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Kwetu sisi tunaovuna Oktoba na Novemba, na mara nyingine mvua haijakoma, msaada wa kukausha waweza kuwa mkubwa kuliko ule wa mbolea. Mtu hulima miezi minane, akapoteza kila kitu katika wiki mbili za mawingu.

Mlango wa tatu ni ofisi ya kilimo ya wadi. Kaunti yetu ina wadi 25. Huko ndiko huulizwa habari za chanjo, za upandishaji wa ng'ombe, za mafunzo na za mipango ya kaunti yenyewe. Tena ndiko ilikopitia miradi mikubwa inayofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mradi wa NARIGP, ulioanza mwaka wa 2016, ulifanya kazi katika kaunti 21, yetu ikiwa mojawapo, nao ulizipitisha fedha zake kwa vikundi vya wakulima. Ule wa NAVCDP, ulioidhinishwa mwaka wa 2022, umetilia mkazo vyama vya akiba na mikopo vya wakulima katika wadi. Mkulima aliye peke yake, miradi ya namna hii haimwoni. Huona kikundi kilichoandikishwa, chenye kumbukumbu za mikutano na akaunti ya benki. Na kikundi hakiundwi siku fedha zinapotangazwa. Siku hiyo wenye vikundi vya zamani wamekwisha kuwa mbele ya foleni.

Mlango wa nne ni Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, lililoanzishwa mwaka wa 1963. Hapa natahadharisha. Linalotolewa hapo ni mkopo, na dhamana iliyozoeleka ni hati ya shamba. Mtu na akope kwa hesabu, wala asikope kwa sababu jirani amekopa. Lakini wako wengi ambao hata wakitaka kukopa hawawezi, kwa kuwa hati bado imeandikwa jina la babu aliyekufa zamani, na wana hawajakwenda mahakamani kushughulikia urithi. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu mwaka wa 1981. Familia inayoahirisha jambo hilo kwa kuogopa ugomvi haiuzuii ugomvi. Huwaachia wajukuu, pamoja na ekari zisizoweza kukopewa wala kugawanywa.

Mlango wa tano huusikii ukitajwa barazani, nao ni ule wa watafiti wa KALRO pale Kitale. Mashamba mengi ya kwetu yameongezeka asidi kwa kutiwa DAP miaka nenda miaka rudi, na udongo wa namna hiyo huhitaji chokaa kwanza. Anayenunua mbolea ya bei nafuu bila kuupima udongo wake huenda ananunua ugonjwa kwa bei nafuu.

Hiyo ndiyo milango. Sasa mtaniuliza: ikiwa iko wazi, kwa nini watu wetu hawaingii? Nitataja sababu tatu nilizoziona kwa macho yangu.

Ya kwanza ni namba ya simu. Mama mmoja jirani yetu, mjane mwenye ekari mbili, aliandikwa katika orodha vizuri kabisa. Kwa kuwa simu yake ilikuwa imeharibika, alitoa namba ya mwanawe anayefanya kazi mjini. Msimu wa kupanda ulipofika, ujumbe wa vocha ulimfikia kijana yule, ukakaa katikati ya matangazo ya biashara, naye akayafuta yote kwa pamoja. Mama alipanda kwa samadi kidogo aliyokuwa nayo, huku akingoja kuitwa. Mahindi yalipokuwa ya magoti, na majani yamekwisha kuwa ya manjano, alikwenda kuuliza. Akaambiwa jina lake limo na ujumbe ulitumwa zamani. Mama alifanya wajibu wake, na ofisi ilifanya wake. Aliyekosekana ni mwana, tena mwana aliyesoma.

Sababu ya pili ni nauli. Kama ghala liko mbali, bodaboda huweza kula sehemu kubwa ya nafuu iliyotolewa, na mkulima akaona heri anunue kilo chache dukani sokoni. Lakini wakulima kumi wa kijiji kimoja wakikodi pikapu moja, hesabu hubadilika. Hili halihitaji mradi wala wafadhili. Lahitaji mtu mmoja wa kupiga simu kumi.

Sababu ya tatu ni watu wa katikati. Palipo na giza hapakosi mwenye kuuza mwanga. Wako wanaomwambia mkulima kwamba jina lake haliwezi kuingia bila kutoa kitu kidogo, au kwamba wao watamchukulia gunia lake kwa kuongeza mia chache. Hata mbolea yenyewe haikusalimika. Mwezi wa Machi 2024 nchi nzima ilishtuka ilipobainika kwamba mbolea isiyofikia kiwango ilikuwa imeuzwa kwa wakulima, hata kupitia maghala ya umma, na Serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Kwa hiyo nawaambia: tunzeni risiti, na gunia tupu lisitupwe kabla ya mavuno. Mwenye ushahidi husikizwa upesi kuliko mwenye machozi.

Ndugu zangu, hayo yote ni juu ya msaada uliokwisha kuwekwa. Liko jambo kubwa zaidi, nalo ni wakati ambapo msaada huamuliwa. Hapa naomba vijana wachukue kalamu.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012, kila kaunti hutakiwa kufikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Tazameni maana yake. Chukueni mkulima aliyetaka kaunti imsaidie mbegu ya mvua za Machi 2025. Mwezi huo ulikuwa ndani ya mwaka wa fedha wa 2024/25. Makadirio yake yalitakiwa yawe mezani kabla ya mwisho wa Aprili 2024, na mpango wenyewe kabla ya tarehe 1 Septemba 2023. Aliyekwenda ofisini Februari 2025 kuulizia mbegu alikuwa amechelewa kwa mwaka mmoja na nusu, wala hakujua. Mkulima huangalia mawingu ya mwaka huu, lakini mvua ya ofisini ilinyesha mwaka juzi.

Ndiyo maana ile mikutano ya kuchukua maoni ya wananchi si mchezo. Nimehudhuria mingi kwa ajili ya kazi. Wanaojitokeza ni wachache, na wengi wao huomba barabara na taa, mambo mema, lakini hakuna anayetaja chokaa, wala chanjo, wala mashine ya kukaushia. Kisha bajeti hutoka bila vitu hivyo, na sisi hunung'unika kwamba wakulima wamesahauliwa. Wamesahauliwa na nani, ikiwa siku ya kukumbushwa hatukwenda?

Na ikiwa mtu amekwenda akazungushwa, bado ana silaha. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza namna ya kuidai. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika husema kwa kinywa, na afisa ndiye mwenye wajibu wa kuliandika. Kupeleka ombi hakutozwi ada, ingawa nakala zaweza kulipiwa. Jibu hutakiwa kutolewa upesi, na lisipite siku 21. Asiporidhika, hukata rufani kwa Tume ya Utawala wa Haki. Barua ya mistari mitano, "Naomba kujua ni mipango gani ya kilimo iliyotengewa fedha katika wadi yetu mwaka huu, na nani anastahili," yaweza kufanya kazi ambayo safari tano za mzee hazikufanya. Nawaambia kama mtu anayepokea barua: swali lililoandikwa, likatiwa tarehe na kubakiziwa nakala, halikai chini ya karatasi nyingine kwa muda mrefu.

Basi, nini kifanyike? Kwenu ninyi wenzangu wa zamani, sitoi pendekezo la kuchangisha fedha leo. Natoa pendekezo la kila mmoja wetu kuwa karani wa kijiji chake. Wapo kati yetu mawakili: wasaidieni watu wa kwenu katika mambo ya urithi wa mashamba. Wapo wahasibu: kiangalieni kitabu cha kikundi kimoja tu cha akina mama. Wapo walimu, na hao wanajua kuandika barua kuliko sisi sote. Nasi tulio serikalini tusijifiche nyuma ya neno "si idara yangu." Ikiwa si idara yako, wajua ni ya nani, na yule mzee hajui.

Kwenu ninyi wanafunzi, nawapa kazi tatu za likizo. Kwanza, muulize mama au baba kama ameandikwa katika orodha ya wakulima, na kwa namba gani ya simu. Ikiwa namba si yake, nendeni pamoja kwa naibu wa chifu mkaulize namna ya kuirekebisha. Ikiwa namba ni yako, usifute ujumbe usiousoma. Pili, tafuta ofisi ya kilimo ya wadi yenu iko wapi na hufunguliwa siku zipi, uandike ukutani mahali wote wanapoona. Tatu, andika papo hapo zile tarehe mbili, 30 Aprili na 1 Septemba, na mkutano wa wadi unapotangazwa, msindikize mzee mmoja. Wala usimsemee. Mwache aseme mwenyewe, maana shamba ni lake. Wewe mwandikie.

Watu wetu husema kwamba mkulima ni mmoja na walaji ni wengi. Sisi hapa sote tumo katika hao walaji. Tumekula mahindi yao, yametusomesha, na mengine yametujengea madarasa haya. Kuwaonyesha milango si hisani tunayowatendea. Ni deni, na msimu wa kulilipa ni kabla ya mvua.